Paa la asbestosi katika darasa la zamani, Tabora

Swali: Ndugu zangu, darasa letu kongwe hapa Tabora lina paa la kijivu linalosemekana ni la asbestosi (madini ya nyuzi nyembamba yaliyokuwa yakichanganywa na saruji), na kingo zake zimemeguka hadi nyuzi zinaonekana penye matundu ya misumari. Je, mafundi waling'oe wakati wa likizo?

Jibu: Wasiliguse, mwalimu, kabla sampuli haijapimwa maabara, kwa kuwa macho pekee hayatoshi, na saratani itokanayo na vumbi la asbestosi huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Waandikieni OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na NEMC (baraza la taifa la mazingira).

Jibu: Naongeza kwamba mabamba hulowanishwa, huteremshwa yakiwa mazima, kisha hufungwa kwenye nailoni nzito. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Nawasihi pia msigawe vipande vikaezekewe mabanda ya kuku.