Hivi mwanamke Mdalit kwenye hadithi za Kihindi kazi yake ni kudhalilishwa na kufa tu?

Wakuu nivumilieni, leo nina hasira. Nimesoma hadithi za India mfululizo na kila akitokea mwanamke wa Kidalit, wale walioitwa wasioguswa, najua kitakachomkuta kabla sijafunua ukurasa. Yeye anaumia, mwanaume ndo anapewa hadithi.

Chukueni Untouchable ya Mulk Raj Anand, ya 1935. Sohini kaenda kisimani, hata kuchota mwenyewe haruhusiwi, anakaa kusubiri wa tabaka la juu wamwonee huruma, anatokea kuhani anamchotea maji kumbe ana yake, anamwita akafagie kwake halafu anamshika maungoni, binti akipiga ukunga mzee mzima anageuza kibao eti kanajisiwa yeye! Wakati anashika najisi hakuiona? Nikajua sasa tunaingia kichwani mwa huyu dada. Wapi! Anarudishwa nyumbani, sisi tunabaki na hasira za kaka yake Bakha mpaka mwisho.

Kafan ya Premchand ndo usiseme. Budhiya yuko ndani na uchungu wa kuzaa, mume na baba mkwe wako nje wanakula viazi vya wizi, hakuna anayetaka kwenda kumwangalia maana mwenzie atavimaliza, akifa wanachangiwa hela ya sanda wanainywea pombe. Najua mtasema ndo ufundi, anaonyesha umaskini unavyoua utu, sawa, lakini Budhiya mwenyewe kasema nini? Kulia tu, na ndo aliyekuwa akiwalisha hao wavivu. (Nisimwonee mzee Premchand, Gangi wa hadithi yake nyingine, Thakur ka Kuan, anayenyemelea kisima usiku angalau anajiuliza hao wakubwa wametuzidi nini wakati wizi wao na utapeli wao.)

Na msiniletee habari za enzi zile. Bama, mwenyewe Mdalit wa Tamil Nadu, katoa kitabu cha Sangati 1994, wanawake wake wanapigwa na waume na kunyonywa mashambani vilevile ila wanatukana, wanaimba, wanacheka mpaka mbavu ziume, mume akizingua anaanikwa mtaa mzima usikie. Baby Kamble naye kaandika maisha yake kwa Kimarathi miaka kibao akimficha mumewe. Akimficha jamani! Midomo wanayo, tena mikali.

Mwenye riwaya ambayo mwanamke wa hivi anafika ukurasa wa mwisho mzima na bado anaongea aitaje hapa, za kaka mwenye uchungu nimeshashiba.