Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza Kiafrikana?

Mtafutaji: Wakuu, heshima kwenu. Kazi inanipeleka Upington, Northern Cape, na huko mitaani watu wanaongea Kiafrikana. Kiingereza ninacho. Nianze na nini, na wapi watu hukwama?

Kalamu Nyeusi: Mkuu, anza na vitenzi, ndiko kwenye nafuu. Havibadiliki kwa nafsi: *ek werk* (nafanya kazi), *jy werk* (wewe), *hulle werk* (wao). Wakati uliopita, weka *het* na *ge-*: *ek het gewerk*. Ila vinavyoanza na *be-*, *ver-* au *ont-* havipokei *ge-*: *ek het verkoop* (niliuza), siyo "geverkoop". Wakati ujao ni *sal*: *ek sal werk*.

Bint Mwalimu: Wengi huangukia kwenye kukanusha. *Nie* huja mara mbili, ya pili ikifunga sentensi: *Ek praat nie Afrikaans nie* (siongei Kiafrikana). Ukiisahau ya mwisho, anayekusikiliza anaona bado hujamaliza. Lakini kama ya kwanza tayari iko mwishoni, moja inatosha: *Ek weet nie* (sijui).

Matamshi usiyasome Kiingereza. G ni kh ya "kheri", w ni v, v ni f, j ni y, oe ni u, na d ya mwisho husikika t. Kwa hiyo *goed* (nzuri) ni "khut". *Bietjie* (kidogo) hutamkwa "biki".

Mtafutaji: Shukrani sana. Na mpangilio wa maneno?

Kalamu Nyeusi: Kitenzi hukaa nafasi ya pili. Ukianza na *môre* (kesho), sema *Môre werk ek*. Baada ya *omdat* (kwa sababu) kitenzi huenda mwisho: *omdat ek siek is* (kwa sababu naumwa). Kwa sasa tumia *want*, maana ni ileile na haivurugi mpangilio: *want ek is siek*.

Mzee wa Kamusi: Msisahau adabu. Mtu mzima usimwambie *jy*. Mwanamume ni *Oom*, mwanamke *Tannie*, na unalirudia hilo badala ya "wewe": *Hoe gaan dit met Oom?* (habari yako?). Mwanamke wa rika lako usimwite *Tannie*, ataona unamzeesha. Ofisini tumia *u* ("wewe" ya heshima).

Na ondoa wazo kwamba hii ni lugha ya makaburu tu. Wazungumzaji wake wengi Afrika Kusini si wazungu, na Waislamu wa Cape Town waliiandika kwa herufi za Kiarabu tangu karne ya 19. Sikiliza redio ya RSG mtandaoni, taarifa ya habari hasa, maana wasomaji hutamka kila neno wazi.