Tupeane uzoefu: programu ilikuangusha lini kwa kutosoma datashiti (karatasi ya maelezo ya kiufundi) ya kifaa?

Wakuu, habari za majukumu. Naanza mimi. Juni nilipeleka Kitulo, kule Makete, kifaa cha kuwatahadharisha wakulima wa viazi mviringo baridi kali inapokuja. Sensa ya joto ni DS18B20. Mbeya mjini nilikijaribu wiki mbili, hakikukosea hata mara moja. Usiku wa tatu kule juu, saa kumi alfajiri, kikatuma nyuzi joto 4095.5. Kengele nilikuwa nimeipanga ilie joto likishuka chini ya sifuri, kwa hiyo ilinyamaza. Kulipokucha majani ya viazi yamebabuka shamba zima.

Jibu lilikuwa kwenye datashiti, kwenye jedwali la mifano: nusu nyuzi chini ya sifuri, sensa inatoa FFF8 (namba kwa mtindo wa heksadesimali). Mimi niliipokea kama namba isiyojua hasi, yaani 65528, nikagawa kwa 16 kama inavyotakiwa, ikatoka 4095.5. Mjini joto halikufika sifuri, kosa likajificha. Mama mwenye shamba aliniuliza, "Mwanangu, sasa hiki kidude kilikuwa kinaangalia nini usiku kucha?" Nilikosa la kumwambia.

Mdau, Iringa: Pole sana kaka. Sensa hiyohiyo iliniponza kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Umeme ukikatika ukarudi, inasoma 85, programu inafunga hita mpaka mtu abonyeze. Mayai yalipoa usiku mzima. Nimenunua sensa tatu nikidhani nauziwa feki! Kumbe 85 ndiyo namba inayoamka nayo, na kipimo cha kweli kinataka hadi milisekunde 750. Mimi nilikuwa sisubiri.

Mdau, Tukuyu: Mimi ESP32 (chipu ya kuprogramu yenye Wi-Fi ndani), kupima unyevu wa udongo. Mezani safi, nikiwasha Wi-Fi vipimo vinakufa. Pini niliyotumia ni ya ADC2 (kisomea volti cha pili cha chipu), na hiyo haishirikiani na Wi-Fi. Nikahamia pini 34, ya ADC1, kwisha.

Mdau, Njombe: Mleta mada, ulirudi Kitulo?

Mleta mada: Nilirudi, ndugu yangu. Ila kwanza nilipitia programu yote mstari kwa mstari, datashiti pembeni, kila namba nikaiandikia ukurasa ilikotoka. Halafu nikaponda barafu, nikachanganya na chumvi ndani ya chupa ya chai, nikazamisha sensa. Kengele ikalia, skrini ikaandika -6.5. Hapo ndipo nikampigia yule mama.