Mzazi anayelea akihamia mkoa mwingine, aondoke na mtoto bila mwenzake kuulizwa?

Wakuu, naomba tulijadili hili, maana hapa Dodoma limewagusa wengi.

Mimi na mama wa binti yangu tuliachana bila ugomvi mkubwa. Yeye alibaki Nkuhungu, mimi nipo Ipagala, mtoto akaishi kwa mama yake. Kila Ijumaa jioni nilimfuata, Jumapili namrudisha. Hatukuandikishana popote, tulikubaliana kwa mdomo. Januari mwaka jana mama yake akapata uhamisho wa kikazi kwenda Bukoba. Nilijua Ijumaa waliyosafiri, nilipopiga simu kuuliza kama mtoto ameshatoka shule. Nikaambiwa wako ndani ya basi, wamepita Singida.

Simlaumu kwa kuhama. Mtumishi akihamishwa anahama. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, tumepokea watumishi walioacha wenza na watoto Dar es Salaam, na wengine wametoka hapa kwenda kwingine. Wazazi wakiwa wameshaachana, mtoto hufungashwa pamoja na vyombo.

Ninachouliza: kwa nini kuhama na mtoto liwe jambo la mzazi mmoja? Sheria ya Ndoa ya 1971 inakupa njia ya kuiomba mahakama imzuie mwenzako asimtoe mtoto nje ya Tanzania. Lakini kwa mtoto wa miaka minane, Bukoba na Nairobi zina tofauti gani? Zote unaondoka alfajiri, unafika usiku. Kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama, inapotoa amri ya malezi, iweke masharti hata ya mahali mtoto atakapoishi na namna mzazi mwingine atakavyomwona. Shida ni kwamba wengi wetu hatufiki huko. Tunaachana tukidhani kila mtu atabaki alipo. Na wanaofika mahakamani hubishania nani achukue mtoto. Mmoja akihama itakuwaje, hakuna anayeomba.

Msimamo wangu ni kwamba anayeishi na mtoto akitaka kuhama mkoa, amjulishe mwenzake kwa maandishi kupitia ofisa ustawi wa jamii kabla mtoto hajaondolewa shule. Waandikishane likizo ya Juni na ya Desemba mtoto atakuwa kwa nani, nauli analipa nani, simu zitapigwa lini. Wasipoelewana, mahakama iamue kabla ya safari. Mtoto akishavaa sare ya shule nyingine, sheria yenyewe inakugeuka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama iangalie mwendelezo wa malezi, na Sheria ya Ndoa inatahadharisha juu ya kumvuruga mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Kila mwezi ukipita, aliyetangulia kuhama anazidi kuwa na nguvu, na wewe uliyekaa ukisubiri kwa amani ndiye unayepoteza.

Mama wa watoto wawili, Kizota:
Pole kaka, lakini hapo kwenye kusubiri mahakama sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi ni mwalimu. Barua ya uhamisho ilinipa siku chache za kuripoti, na baba watoto alikuwa hajatuma hata senti tangu Pasaka. Nikae kumsubiri ofisa ustawi amtafute mtu asiyepokea simu? Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinasema matunzo ni wajibu wa baba, mtoto awe kwake au kwa mtu mwingine. Wangapi wanatimiza? Akisikia unahama ndipo anakumbuka kuwa ana haki. Sheria yako itampa fimbo. Nitaambiwa nichague kati ya watoto na kazi inayowalisha.

Mzee wa Mpwapwa:
Wanangu, kwetu Wagogo mahari ni ng'ombe. Wakishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Bibi yake yupo, shangazi zake wapo. Huyo binti arudi Dodoma, yaishe.

Msaidizi wa kisheria:
Shikamoo mzee. Mila kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kimeitaja kweli, ila jambo la kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto. Halafu yanatazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yake. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba anafaa kukaa na mama, na hata hilo linaweza kupingwa. Huyu ameshavuka umri huo. Mtoa mada, wewe umemuuliza anataka nini?

Mtoa mada:
Nilimuuliza Desemba alipokuja. Alisema anataka kukaa na mama yake, na anataka Ijumaa zetu zirudi. Vyote viwili. Nilishindwa kumjibu, nikamwambia alale.

Dada wa Kizota, umenigusa. Aliyetelekeza watoto apewe taarifa tu, asiwe na uwezo wa kukuchelewesha. Na taarifa ya miezi haiwezekani kama mwajiri ametoa siku chache. Lakini mimi matunzo nilitoa kila mwezi na Ijumaa sikukosa. Ningeambiwa hata siku tatu kabla, ningempeleka mwenyewe stendi ya Nanenane, nimkabidhi kwa mama yake, nimwambie nitakuja lini. Aliondoka akidhani sikujali kumuaga. Ameniambia hivyo kwa mdomo wake.

Mzee wangu, kwa heshima zote, sitamng'oa shule mara ya pili kwa sababu ya ng'ombe.

Mama wa watoto wawili, Kizota:
Basi kaka, usingoje sheria. Andika leo: Juni na Desemba kwako, nauli yako, nani atamsindikiza na nani atampokea. Mtumie mama yake asaini, mpeleke nakala ustawi wa jamii. Hiyo naiunga mkono na hata mimi ningesaini. Ya kusubiri hakimu kabla sijapanda basi, bado nakataa.