Watafsiri wa manga za mapenzi, mnatuonaje sisi wasomaji?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kuna manga moja ya mapenzi (hadithi za picha za Kijapani) nimeifuata sura 40, kila sura nalipia kwa hela yangu. Sura 40 kijana kameza ulimi! Juzi hatimaye wako wawili, usiku, wanarudi nyumbani. Anasimama, uso umemwiva, anamwambia binti: "Mwezi unapendeza, eti?" Binti machozi yanamtoka, anajibu: "Hata nikifa sasa, sawa tu." Sura imeisha.

Nikarudi nyuma kurasa tatu nikidhani nimeruka kitu. Mwezi? Na huyu binti nikajua ana ugonjwa, muda wote alikuwa anatuficha, sura ijayo tuko hospitali. Kwenye komenti watu walishaanza kumlilia marehemu mtarajiwa.

Kumbe bwana, kijana katamka nakupenda na binti kakubali. Ndiyo habari yote! Mtafsiri kaacha maneno yalivyo, hata mstari mmoja pembeni hakuna. Inasimuliwa kwamba mwandishi Natsume Soseki, enzi akifundisha Kiingereza, alimkosoa mwanafunzi aliyetafsiri "nakupenda" ya Waingereza neno kwa neno, akasema Mjapani angesema mwezi unapendeza. Hakuna andiko lake lenye maneno hayo, na kisa kilivuma miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1916, lakini wasomaji wa kule wanakijua. Jibu la binti nalo ni la Futabatei Shimei, aliyetafsiri hadithi ya Mrusi Turgenev: pale mwanamke anaposema "wako", yeye akaweka habari ya kuwa radhi kufa. Yaani kauli mbili zilizozaliwa kwenye kazi ya kutafsiri ndizo watafsiri wanazoziua. Inauma.

Si hilo tu. Kijana mwingine anamwuliza mwenzake, "Utanipikia supu ya miso kila siku?" Hapo anaomba ndoa, kwa mtindo wa kizamani kabisa. Wasomaji wakamtukana kwamba anatafuta mpishi wa bure. Binti mwingine "amevaa paka". Nikakagua picha nzima namtafuta huyo paka, kumbe anajifanya mpole mbele za watu. Siku ya mahafali mvulana anang'oa kifungo cha pili cha koti la sare, anampa msichana, na hakuna anayetuambia kwamba ndicho kilicho karibu na moyo.

Halafu kuna wale wanaosawazisha kila kitu. Hawa ndio wabaya zaidi. Kijapani kina "suki", neno jepesi la kumwambia mtu umempenda, na kina "aishiteru", zito, ambalo kuna watu wanazeeka na wake zao bila kulitamka. Wao yote wanaandika nakupenda. Sasa mume analitoa lile zito baada ya vitabu kumi, mke anadondosha sahani, mimi nashangaa: si alishasema tangu sura ya tatu?

Hata utani hauponi. "Tsukiatte" ni kuomba mahusiano, na ni kuomba kusindikizwa vilevile. Msichana anatamka huku anatetemeka, bwege anajibu "sawa, wapi?" Mtafsiri kaandika "uwe mpenzi wangu", jibu "wapi?" Wapi nini sasa? Sisi wenyewe tunasema fulani anatoka na fulani. "Naomba utoke na mimi" ingekaa bila jasho.

Wanajitetea eti maelezo ya pembeni yanamkatiza msomaji. Mimi nimekatizwa siku mbili nzima, nauguza mtu mwenye afya yake!

Nimeanza upya sura ya kwanza. Ukurasa wa nane tu, kijana yuko peke yake chumbani, anapiga chafya, na sasa najua kuna mahali anasemwa. Mara ya kwanza nilidhani ana mafua.