Tupeane uzoefu: Kuisaidia familia ya mwanajeshi baada ya hema la matanga kung'olewa

Mwanzisha mada, Nakuru:
Wadau, habari za jioni. Huku karibu na kambi ya Lanet ni vigumu kupata mtaa usio na familia ya mwanajeshi, wa kazini au mstaafu. Mwanajeshi akifa watu hujitoa kweli: pesa, magari, chakula, usiku mzima wa kukesha. Kufikia wiki ya tatu kuna kimya. Hapo ndipo mjane anabaki na kodi, karo na faili ambayo bila kukamilika hailipwi hata shilingi. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Anayejua aeleze hatua, kiasi, na mahali mambo hukwama. Tuanze na michango yenyewe.

Mweka hazina wa kikundi, Lanet:
Aliyekufa akiwa kazini, kwa kawaida jeshi ndilo hushughulikia jeneza, usafiri wa mwili na gwaride la heshima kaburini. Kamati nyingi hazimuulizi afisa aliyetumwa na kikosi mapema, kwa hiyo zinachangisha kwa vitu ambavyo tayari vimelipiwa. Siku ya kwanza chukueni karatasi, mwichore safu mbili: jeshi linabeba nini, familia inabeba nini. Bajeti ni ya safu ya pili tu. Kwa mstaafu safu ya kwanza huwa fupi sana, na mochari hulipiwa kwa siku, basi msivute mazishi wiki mbili kwa kumngoja ndugu mmoja.

Pesa zisipite kwenye simu ya mtu. Laini ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Laini ikijaa jioni ya mchango mkubwa, pesa zinawarudia waliotuma, na wengi hawatumi tena. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa. Mmoja awe mtu wa upande wa mjane. Kama kikundi ni cha kudumu, kisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 katika ofisi ya maendeleo ya jamii: watu wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza, majina na namba za vitambulisho. Cheti kinaishi miaka 2, halafu kinahuishwa. Wengi husahau kukihuisha, na benki ikigundua inaweza kuisimamisha akaunti wakati ambapo mjane anaihitaji zaidi.

Sasa neno ambalo ni gumu kulisema mbele ya wazee. Nusu ya mchango isiguswe na mazishi. Igawanywe mafungu sita, fungu moja kila mwezi. Ng'ombe wa pili wa matanga ni karo ya muhula. Lisemeni siku ya kwanza ya kamati, kabla mtu hajaahidiwa nyama.

Msaidizi wa kisheria, Kakamega:
Mafungu sita ya mweka hazina yana sababu hata kisheria. Mirathi ikipitia mahakamani, ombi hujazwa kwa fomu P&A 80, kiapo P&A 5, na ridhaa ya warithi wengine P&A 38. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Kenya na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida hungojewa miezi 6 ndipo ithibitishwe na mali igawanywe. Hapo sijahesabu ucheleweshaji wa faili. Yeyote anayemwambia mjane kwamba pesa zitatoka mwezi ujao anamdanganya, hata kama nia yake ni kumtuliza.

Si kila malipo yanadai hati ya mahakama. Mengine humfuata mtu aliyeandikwa na marehemu katika rekodi za jeshi. Kwa hiyo barua ya kwanza ya familia iulize mambo mawili tu: ni malipo yapi yaliyopo, na kila moja linahitaji hati gani. Iandikwe jina kamili, cheo, kikosi na namba ya jeshi. Namba ndiyo inayofukua faili, jina pekee halitoshi. Mali ikiwa ndogo, ofisi ya Mdhamini wa Umma inaweza kuisimamia, jambo linaloipunguzia familia gharama ya wakili.

Barua ya chifu inayotaja warithi ndipo nyumba nyingi huvunjikia. Shemeji wanaandikisha mke mmoja na kumwacha wa pili, au wanamruka mtoto aliyezaliwa nje. Aliyeachwa anawasilisha pingamizi na kila kitu kinasimama, naye mjane wa kwanza analala njaa pamoja na wa pili. Sheria ya Mirathi, kifungu cha 3(5), inamtambua mke wa pili wa kimila kuwa mke katika mambo ya urithi. Kifungu cha 40 kinagawa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, mke naye akihesabiwa kama mtu mmoja wa nyumba yake. Waandikeni wote tangu mwanzo. Kikundi cha msaada kina nguvu hapa: kikatae kutoa fungu la kwanza mpaka barua itaje kila mtu.

Halafu majina. Wekeni mezani kitambulisho cha marehemu, cheti cha kifo, barua ya chifu na vyeti vya watoto. Mmoja asome kwa sauti herufi moja moja, mwingine afuate kwa kidole. Mtakuta "Petro" huku na "Peter" kule, "Wafula" mbele hapa na nyuma pale, au herufi moja imeanguka. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, lakini kosa lililo ndani ya cheti cha kifo lirekebishwe katika ofisi ya usajili iliyokitoa, kabla nakala hazijasambazwa. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakujaandikishwa ndani ya miezi 6 huandikishwa kama aliyechelewa: leteni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule. Kazi hii ya cheti ichukueni nyinyi wiki ya kwanza, kwa sababu ndiyo hucheleweshwa na foleni.

Na msiguse pesa zilizo kwenye simu au kadi ya benki ya marehemu, hata kama PIN inajulikana. Kifungu cha 45 kinaliita hilo kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa.

Mshauri wa familia, Bungoma:
Asante sana msaidizi wa kisheria. Niongezee hali inayosahaulika: mwanajeshi ambaye mwili haukupatikana. Baada ya kambi za jeshi letu kule Somalia kushambuliwa, El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, familia zilijifunza kwamba kungoja kuna sheria yake. Jeshi likithibitisha kifo kwa maandishi, barua hiyo ndiyo ya kuanzia safari ya cheti. Bila uthibitisho, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu kudhaniwa amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Tangu siku ya kwanza familia iweke daftari: siku ya mwisho aliyopiga simu, alisema yuko wapi, nani aliulizwa na alijibu nini. Miaka 7 baadaye daftari hilo ndilo litakaloapiwa.

Kwa familia kama hiyo msilete bahasha iliyoandikwa "rambirambi". Mama anayeweka sahani ya mwanawe mezani ataikataa, na mtakuwa mmemuumiza bure. Andikeni "karo" au "matumizi ya nyumbani".

Mtembelea wazee, Kisumu:
Mimi nitasema juu ya wazee wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni hapa Afrika Mashariki, na wajane wao. Waliopigana Habeshi mwaka 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944 wamebaki wachache mno, maana hata aliyekuwa na miaka 18 vita vilipoisha sasa anakaribia 100. Lakini kuna waliotumikia miaka ya 1950 mpaka uhuru, na kuna wajane. Royal Commonwealth Ex-Services League ya London, iliyoanzishwa mwaka 1921, huwasaidia waliotumikia Ufalme wa Uingereza kabla ya nchi zao kupata uhuru, pamoja na wajane wao, kwa lengo la milo miwili kwa siku. Hapa kwetu njia ni chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA. Usimwandikishie mzee barua ya London moja kwa moja, utapoteza muda wake.

Kikwazo ni ushahidi wa utumishi. Watu huleta nishani wakidhani zinatosha. Nyota za Vita vya Pili, kama ile ya Burma, askari wetu walipewa bila jina kuchongwa, kwa hiyo haionyeshi ilikuwa ya nani. Kinachotakiwa ni hati ya kuachishwa jeshi yenye namba na batalioni. Ikiwa mchwa wameila, tafuta namba nyuma ya picha za zamani, kwenye barua au kwenye kitabu cha mshahara. Ukiipata hati, usiipeleke kwa kijana wa fotokopi aipige plastiki kwa moto. Karatasi ya miaka ya 1940 inakauka na kupasuka mikunjoni, na muhuri uliofifia hausomeki tena. Itie kwenye bahasha angavu, upige nakala tatu za rangi.

Chakula: mtu mzima mmoja huhitaji nafaka kama gramu 400 kwa siku, maharagwe gramu 60, mafuta gramu 25. Kwa mwezi ni gorogoro (kopo la kilo 2) sita za mahindi, kilo 2 za maharagwe, na mafuta karibu lita moja. Lakini angalia meno kabla ya kununua! Mahindi na maharagwe makavu kwa bibi asiye na meno wala kuni ni zawadi kwa wajukuu. Mpelekee unga wa wimbi na omena iliyosagwa, akoroge uji. Ukituma pesa badala yake, tuma pamoja na ya kutolea, na kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Mjane wa miaka 70 au zaidi asiye na pensheni aombewe pia fedha za serikali za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kupitia kwa chifu.

Fundi wa viungo bandia, Kisumu:
Kwa wanaochangia mguu wa bandia. Makosa makubwa ni haraka. Kigutu hupona wiki 6 hadi 8 kama hakuna maambukizi, halafu kinaendelea kusinyaa miezi 6 hadi 12. Mkinunua mguu wa bei kubwa mwezi wa pili, mwezi wa nane soketi (sehemu ya mguu inayovishwa kigutu) inalegea, mguu unazunguka, ngozi inachubuka, na mzee anarudi kwenye magongo. Mguu unaegemezwa nyuma ya mlango. Changeni kwa awamu mbili: mguu wa kwanza wa kawaida wa kujifunzia, na akiba ya soketi ya pili ndani ya mwaka huo.

Kabla ya mguu, kigutu kifungwe bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi nchani na ilegee kuelekea juu, ifungwe upya kila saa 4 hadi 6. Ikifungwa duara kama ya kidonda inanyonga damu. Aliyekatwa chini ya goti asiwekewe mto chini ya goti hata kama anaomba, maana goti likiganda limekunjwa hakuna soketi itakayofaa. Nunueni soksi za kigutu angalau sita, nyembamba na nzito: mguu ukilegea mchana anaongeza soksi moja. Zifuliwe kila siku. Jioni avue, ashike kioo aangalie ngozi ya chini. Wekundu usiotoweka ndani ya dakika 20 maana yake aache kuvaa na arudi kwa fundi.

Ajiandikishe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, tathmini ikifanywa na madaktari wa hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Aliyepata kazi baada ya jeshi anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi.

Muuguzi wa afya ya akili, Nakuru:
Kwa ufupi, kwa sababu hili linahitaji uzi wake. Mkimtembelea aliyerudi kutoka Somalia asiyelala, msimwombe hadithi za vita. Nendeni mchana, aketi mahali asipoupa mlango mgongo, mwambieni siku na saa ya kurudi, na mrudi kweli. Mkihofia anataka kujiua, muulizeni waziwazi, kuuliza hakumpi wazo. Dawa za panya, za shambani na kamba ziondolewe nyumbani siku hiyohiyo. Simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Familia nyingi bado zinaficha kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mpelekeni hospitali bila hofu.

Mwanzisha mada, Nakuru:
Mungu awabariki. Swali moja limebaki: karo. Mafungu sita yakiisha na hati haijatoka?

Mwalimu wa sekondari, Kisumu:
Msingoje yaishe. Fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ichukuliwe mara tu ikitangazwa, maana dirisha ni fupi. Ambatisheni nakala ya cheti cha kifo, barua ya kujiunga na shule, muundo wa karo, kitambulisho cha mzazi, muhuri wa shule na wa chifu. Hundi huandikwa kwa jina la shule, kwa hiyo namba ya usajili ya mwanafunzi isipokuwepo, pesa hukaa akaunti ya shule bila mwenyewe huku mtoto akirudishwa nyumbani. Baada ya hundi kutoka, mtu mmoja wa kikundi aende kwa bursa (mhasibu wa shule), aombe risiti yenye jina la mtoto, na nakala yake iwekwe kwenye faili ya mjane pamoja na zile nyingine.