Fundi aliyenikagulia gari kumbe ana asilimia yake kwa dalali. Nimeuziwa mkweche nikashukuru

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "ushauri wa gari la kununua". Ushauri ningeuhitaji mwezi uliopita, leo nimekuja kulalamika.

Hii ni wiki ya tatu tangu ninunue gari na limetembea siku nne tu. Siku zilizobaki limelala gereji, hedi (kile kipande cha juu cha injini) imeshushwa, injini iko wazi kama mgonjwa aliyesahauliwa kitandani, na mimi nimerudi kupanda basi na ufunguo wa gari mfukoni.

Nililipata kwa dalali. Maneno yalikuwa yale yale mnayoyajua: gari la mama mmoja mtu mzima, linatoka nyumbani kwenda kazini basi, kilomita elfu 68, injini haijawahi kufunguliwa. Sasa mimi sikuwa wa kununua kwa macho. Nikamwambia kabisa, sitoi pesa mpaka fundi alipitie. Dalali wala hakushtuka, akafurahi! "Safi sana bosi, mtu makini ndivyo anavyonunua. Nina fundi wangu mtaalamu, anakuja na mashine."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipochinjwa, na kisu nilikishika mwenyewe.

Fundi akaja, akakaa dakika 15. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akanigeuzia kioo nione: hakuna kosa hata moja. Akapiga teke tairi la mbele (naapa, alipiga teke tairi), akafungua boneti, akagonga gonga huku na kule, akafuta mikono. "Hii injini tangu kiwandani haijaguswa. Wahi kabla hajatokea mwingine." Nikamlipa ujira wake. Nikamshukuru na kumshukuru tena.

Turudi nyuma kidogo. Tulipofika kwa muuzaji, injini ilikuwa ya moto. Akasema ametoka kuliosha. Mimi nikaona ustaarabu, mtu kaniandalia gari safi. Asubuhi ya kwanza kwangu, injini imelala usiku kucha, nikawasha: moshi mweupe mzito ukajaa nyuma. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu, unapotea injini ikipata joto. Huu wa kwangu haukupotea, na ulikuwa na kiharufu fulani kitamu kitamu. Maji ya rejeta yakawa yanapungua na chini hakuna hata tone. Siku ya nne mshale wa joto ukapanda mpaka juu nikiwa katikati ya foleni.

Ndipo nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja asiyemjua dalali wala muuzaji. Mzee yule mashine hata hakuitoa kwenye begi. Alifungua kifuniko cha oili, akakipindua, akaniambia shika. Upande wa ndani kulikuwa na ute mzito mweupe uliochanganyika na kahawia, kama losheni. "Maji yameingia kwenye oili, kijana." Kazi hiyo haikumchukua hata dakika moja. Yule wa kwanza alikaa 15 na kifuniko hicho hicho kilikuwa mbele ya pua yake.

Kisha akaniita nisogee. Akamulika tochi kwenye bolti zinazoshika fenda, na zile za bawaba za boneti. "Unaona nini?" Nikasema bolti. "Tazama pembe zake." Rangi kwenye pembe ilikuwa imebanduka, chuma kinaonekana. Bolti ya kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi, ikibanduka hivyo ujue spana imepita. Akanionyesha taa za mbele: ya kushoto plastiki imefubaa imekuwa njano, ya kulia inang'aa kama imetoka dukani jana. Rejeta mpya kabisa. "Gari la kilomita elfu 68 limebadilishiwa rejeta kwa nini?"

Sasa hesabu ikaanza kukaa sawa. Gari lilipigwa mbele upande wa kulia, rejeta ikapasuka, mtu akaendelea kuliendesha bila maji, hedi ikapinda kwa joto, gasketi inayotenganisha maji na oili ikaungua. Baadaye likanyooshwa, likapigwa puti na rangi, likafungwa rejeta mpya, likaingizwa sokoni. Hedi yenyewe hakuna aliyeigusa, kwa sababu hedi haionekani kwenye picha za tangazo.

Hilo la hedi ningelimeza. Linalonitoa usingizini ni lifuatalo.

Mzee akaniambia washa swichi ila injini usiiwashe, angalia taa za dashibodi. Taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani na dashibodi, unaofyatuka gari likigonga) inatakiwa iwake sekunde chache, ijipime, izime yenyewe hata kama injini bado imezimwa. Yangu haikuzima. Ilibaki inawaka sambamba na taa ya oili. Nilipowasha injini zikazima zote mbili kwa wakati mmoja, kama pacha. Akacheka kicheko kisicho na furaha. Waya wa taa ya eabegi ulikuwa umeungwa kwenye ule wa taa ya oili, ili dereva adhani mfumo ni mzima. Akafungua kifuniko katikati ya usukani. Ndani mlikuwa na shimo tupu. Upande wa abiria dashibodi ilikuwa imeunganishwa kwa gundi na kupigwa rangi juu, ukipitisha kidole unausikia mshono.

Wanangu walipanda gari hilo siku nne. Mkubwa alikaa mbele.

Sasa ile "hakuna kosa hata moja" ya fundi wa kwanza. Makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari hufutwa kwa kitufe kimoja. Ila ukiyafuta, vile vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe vinarudi kusomeka "bado havijakamilika" mpaka gari litembezwe vya kutosha. Mashine ile ile iliyoniambia hakuna kosa ina ukurasa unaoonyesha hilo, na mwenye mashine anaujua. Alinionyesha ukurasa mmoja, mwingine akauacha.

Kilomita? Raba ya pedeli ya breki imelika hadi imekuwa laini, usukani umechubuka pale mkono unaposhika, na sponji ya kiti cha dereva imekufa ule upande wa kuingilia. Vyote hivi nilivikalia na kuvishika siku ya majaribio, nikaamini namba ya kwenye kioo.

Na kabla hamjaniuliza kama nilitafuta historia yake mtandaoni: nilitafuta! Dalali alinitumia namba ya chesisi kwenye ujumbe, nikaiingiza kwenye huduma ya kulipia, jibu likaja hakuna rekodi. Nikamuuliza, akasema maana yake gari ni safi, halijawahi kupata tatizo. Nikaridhika. Juzi, kwa hasira tu, nikaenda kuisoma namba kwenye gari lenyewe, chini ya kioo cha mbele na kwenye nguzo ya mlango. Kwenye gari kuna sifuri, kwenye ujumbe wa dalali kuna herufi O. Namba hiyo ya chesisi, yaani VIN, ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, makusudi, zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo namba niliyopewa haiwezi kuwa ya gari lolote duniani. Nililipia kutafuta historia ya gari ambalo halipo.

Nikaingiza namba sahihi. Ikaja ripoti: ajali ya mbele, eabegi zimefyatuka, na ukaguzi wa mwisho, miaka miwili iliyopita, gari lilisoma kilomita 181,000 na ushee. Sijui kama ile O ilikuwa bahati mbaya ya vidole. Mnaomjua dalali ni mtu gani mtaniambia.

Najua watakuja watu hapa kusema kurudisha kilomita ni kawaida, kila mtu anafanya. Kawaida ya nani? Marekani sheria ya taifa ilikataza mchezo huo tangu 1972, na bado mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo. Ubelgiji wakaona kukataza peke yake hakutoshi, tangu 2006 muuzaji wa gari lililotumika anamkabidhi mnunuzi hati yenye mfululizo wa kilomita zilizoandikwa kila gari lilipopita kwa fundi au ukaguzi. Yaani kuna watu walikaa chini wakaona huu ni wizi wakauwekea dawa. Sisi tunauita ujanja wa mjini.

Muuzaji hapokei simu. Alipopokea mara moja alinikumbusha nilisaini "nimelikagua na kulikubali lilivyo". Ni kweli nilisaini, nikiwa na fundi pembeni anatingisha kichwa.

Fundi nilimfuata. Nilitegemea atakimbia, wala. Alikuwa chini ya gari la mtu, akatoka, akajipangusa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bosi, mimi niliitwa kuangalia kama linawaka." Nikamuuliza ute kwenye kifuniko hakuuona? Akakaa kimya kidogo, halafu akanieleza bila aibu: gari likiuzwa dalali humkatia chake, lisipouzwa anabaki na nauli tu. Ana watoto. Akiharibia dalali biashara mbili tatu haitwi tena.

Nilikuja nimejipanga kumtukana, nikaishiwa maneno. Ila hasira haijaisha, imehama tu. Ujira nilimlipa mimi, kazi akamfanyia mwingine. Unaweza kubeba mashine ya kupima unene wa rangi, ukalala chini na tochi, ukavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kutafuta alama za tope la mafuriko, na vyote hivyo ni vizuri. Lakini kama anayeshika tochi anakula gari likiuzwa, atamulika anakotaka yeye. Fundi mtafute mwenyewe, mlipe mwenyewe, na dalali asijue hata jina lake mpaka mtakapofika. Na mwambie muuzaji injini isiguswe usiku kucha. Akikataa, geuza.

Nimeanza mchakato wa kudai, nina ripoti, picha za bolti, na video ya zile taa pacha. Aliyewahi kushinda kesi ya namna hii huku alisaini "nimelikubali lilivyo" naomba aje PM, wengine acheni kunipa pole.

Halafu leo mchana, wakati naandika huu uzi, dalali kanitumia ujumbe. Nanakili kama ulivyo: "Bosi habari. Nimesikia gari linakusumbua. Kama umelichoka usiumize kichwa, rudishia hedi tu hata kwa kuzugia, nina mteja yuko tayari. Fundi wa kulikagua nitamleta mimi."